Mfumo ukimshinda mwananchi, wa kurekebishwa ni mfumo

Pita Makole asubuhi ya siku ya kazi, katikati ya Jiji la Dodoma, uangalie vibaraza vya steshenari. Wanaosubiri pale si watu wa fotokopi pekee. Yupo mzee mwenye simu mkononi na karatasi ya namba ya NIDA mfukoni. Yupo mama aliyebeba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe ndani ya bahasha ya kaki. Yupo kijana aliyemaliza chuo, mwenye simu janja yenye uwezo kuliko kompyuta ya duka lenyewe. Wote wamefuata jambo moja: kumlipa mtu awabonyezee.

Mle ndani, kando ya printa, kuna daftari kubwa la kaunta. Mwenye duka huandika humo jina la mteja, namba yake ya simu, barua pepe aliyomfungulia dakika chache zilizopita na neno lake la siri. Hafanyi hivyo kwa nia mbaya. Anajua mteja atasahau, atarudi wiki ijayo, na bila daftari lile kazi yote itaanza upya.

Jambo hili limezoeleka hadi hakuna anayelishangaa, na hapo ndipo tatizo lilipo. Huduma hizi zilipelekwa mtandaoni ili mwananchi ajihudumie mwenyewe popote alipo, asipange foleni wala kumtegemea mtu wa kati. Ikiwa bado anatoka nyumbani, anapanga foleni na anamlipa mtu wa kati, basi foleni haikuondoka. Imehama dirisha la ofisi na kwenda kusimama kwenye kibaraza cha steshenari.

Makala haya yana msimamo mmoja. Mfumo wowote unaomshinda mtu mwenye akili timamu, anayejua kusoma na mwenye shida ya kweli na huduma hiyo, umesanifiwa vibaya. Mwananchi hana cha kuombea radhi. Wa kurekebishwa ni mfumo.

Mji unaoishi kwa mifumo

Dodoma ina sababu ya pekee ya kulijali hili kuliko mji mwingine wowote nchini. Tangu Rais John Magufuli atangaze Julai 2016 kwamba Serikali inahamia hapa, wizara zimejengwa Mtumba, na pamoja na majengo imekuja mifumo. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa meno na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, makao yake makuu yako hapa hapa. Maamuzi kuhusu ukurasa gani mkulima wa zabibu aujaze, au kitufe gani muuguzi akibonyeze, kwa sehemu kubwa yanafanyika umbali mfupi kutoka vibaraza vile vya Makole.

Na mifumo yenyewe imekwisha kuingia kila nyumba. Mwaka 2017 ulianza mfumo wa pamoja wa malipo ya Serikali, ule unaotoa namba ya kumbukumbu ya malipo, maarufu kama kontroo namba. Kuanzia Mei 2019 laini za simu zikasajiliwa upya kwa alama za vidole, na tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi Januari 20, 2020 kwa sababu foleni za NIDA zilikuwa hazijaisha. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20. Kontroo namba ina tarakimu 12. Umeme wa LUKU unaingizwa kwa tarakimu 20. Akaunti za fedha kwenye simu zilivuka milioni 50 nchini mwaka 2023, katika taifa ambalo sensa ya 2022 ililihesabu kuwa na watu 61,741,120.

Maana yake ni nini kwa familia ya kawaida? Ni kwamba ada ya shule, leseni ya biashara, bili ya maji, maombi ya kazi na mkopo wa chuo sasa vyote vinapita kwenye skrini. Mtu aliyeshindwa na skrini hajakosa burudani. Amekosa haki yake au amechelewa kuipata. Hapo ndipo urahisi wa kutumia mfumo unapoacha kuwa jambo la mafundi na kuwa jambo la chakula, elimu na afya ya nyumba.

Lawama humwangukia nani?

Mtu akikwama, sentensi ya kwanza kumtoka ni ile ile: "Mimi haya mambo ya mtandao siyajui." Mtoa huduma naye huitikia kwamba wananchi hawana uelewa. Wote wawili wanamnyooshea kidole mtu mmoja, na kwa hiyo hakuna anayekwenda kuukagua ukurasa wenyewe.

Jeshi la anga la Marekani lilipita njia hiyo hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama kabisa, kisha ndege ikiwa bado inatembea uwanjani wanakunja magurudumu, na ndege inakaa chini kwa tumbo. Ripoti ziliandika kuwa ni makosa ya rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipoingia ndani ya chumba cha rubani na kuangalia, aliona swichi mbili zinazofanana, zimekaa bega kwa bega: moja ya magurudumu, nyingine ya mabawa madogo ya kupunguzia mwendo. Marubani wa aina nyingine ya ndege, ambayo vidhibiti vyake havikupangwa hivyo, hawakuwa na tabia ile. Dawa yake ikawa kubandika gurudumu dogo la mpira kwenye kidhibiti cha magurudumu, ili mkono utambue hata jicho lisipoangalia. Marubani hawakupelekwa darasani. Kilichobadilishwa ni swichi.

Funzo hilo lina zaidi ya miaka 80, lakini bado halijafika kwenye simu nyingi za Watanzania. Mtu anabonyeza namba ya menyu ya fedha, mtandao unayumba, na simu yake inamjibu kwa Kiingereza kwamba kuna tatizo la muunganisho au "MMI code" si sahihi. Ni nani kati ya wauza nyanya wa soko la Majengo aliyewahi kuelezwa MMI ni kitu gani? Ujumbe ule haumwambii kama fedha zimetoka au hazijatoka. Haumwambii asubiri au ajaribu tena. Anachojua ni kwamba mwenye mzigo amesimama mbele yake anataka kulipwa. Anajaribu tena, na mara nyingine fedha hutoka mara mbili.

Ujumbe mzuri wa kosa hujibu maswali matatu: kimetokea nini, fedha yangu iko wapi, nifanye nini sasa. Kuuandika kwa Kiswahili hakuhitaji mashine mpya wala mkopo kutoka nje. Kunahitaji mtu aliyekaa akajiuliza, kabla mfumo haujafunguliwa, msomaji wa ujumbe huu atakuwa wapi na atakuwa na hofu gani.

Tarakimu 60 mbele ya mita

Mfano unaojulikana katika nyumba zote zenye LUKU ni wa mwaka 2024. Wateja waliambiwa kwamba kabla ya Novemba 24 mwaka ule kila mita iboreshwe, la sivyo haitapokea tena umeme. Mtu alinunua umeme kama kawaida, akapokea mafungu matatu ya tarakimu 20. La kwanza aliingize na kukubali, la pili vivyo hivyo, na la tatu ndilo lenye umeme wenyewe. Jumla tarakimu 60, kwa mpangilio usioruhusu kuruka hatua.

Chanzo hakikuwa TANESCO, wala Tanzania. Mita za malipo ya kabla duniani kote zilizojengwa kwa kiwango kimoja cha kimataifa huhesabu dakika kuanzia mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inabeba dakika milioni 16.7, yaani karibu miaka 32, na ilikuwa inajaa Novemba 2024. Wahandisi wa wakati ule walichagua nafasi ndogo ili namba isiwe ndefu mno. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa siku zile, lakini gharama yake ikaja kulipwa na kidole cha bibi aliyesimama mbele ya mita jioni, taa zikiwa zimezima.

Tumtazame bibi huyo kwa karibu. Mita nyingi zina kioo cha mstari mmoja tu, tarakimu za mwanzo hujificha kadiri anavyoendelea, na vitufe vimechakaa. Mkono mmoja umeshika simu yenye ujumbe, na mwanga wa simu unazima kila baada ya sekunde kadhaa. Akifika tarakimu ya 17 mtoto anamwita. Akirudi hajui aliishia wapi.

Sasa, kipi kinamsaidia na kipi kinamwangusha? Namba ikiandikwa kwa mafungu ya tarakimu nne nne, jicho hushika fungu, mkono ukabonyeza, jicho likarudi mahali pake. Ikiandikwa mfululizo bila nafasi, hata mhasibu hupotea. Ujumbe ukisema waziwazi "hili la kwanza, hili la pili, hili la tatu", kazi huisha. Mafungu yote yakiwa kwenye aya moja pamoja na kodi, tozo na namba ya risiti, mtu huingiza namba ya risiti. Teknolojia ni ile ile, mita ni ile ile, na tarakimu ni zile zile. Tofauti yote imo kwenye mpangilio wa ujumbe, na mpangilio huo ndio unaoamua kama nyumba italala gizani au la.

Vyaelea, vimeundwa

Isidhaniwe kuwa hakuna vilivyofanywa vizuri. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, na huduma inayopendwa kuliko zote Afrika Mashariki iliundwa kwa kumsikiliza mtumiaji.

Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya M-Pesa nchini Kenya wakiwa na mamia ya wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, jijini Nairobi na Thika. Lengo lilikuwa moja: mkopaji arejeshe mkopo kwa simu badala ya kusafiri na fedha taslimu. Waliokuwa wakisimamia majaribio, Nick Hughes na Susie Lonie, wakaona jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Wateja walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao, wakilipana madeni ya biashara, wakiwatumia jamaa zao. Sehemu ya mikopo ikaonekana ngumu, ya kutumiana ikaonekana nyepesi. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilikuwa imegeuzwa kufuata kile ambacho watu walikuwa tayari wanakifanya: kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata, Aprili 2008, ikaingia Tanzania.

Wangeshikilia mpango wa awali na kusema wateja hawajaelewa, leo hadithi ingekuwa nyingine.

Menyu za fedha nazo zina mambo ya kusifiwa. Skrini ya namba za nyota na reli, kama *150*00#, haibebi zaidi ya herufi 182 kwa wakati mmoja, na muda wake una kikomo. Ndani ya nafasi finyu hiyo, kuna hatua moja yenye thamani kubwa: kabla mtu hajaweka namba ya siri, anaonyeshwa jina la anayepokea na kiasi. Kenya walipata huduma ya aina hiyo kwa jina la Hakikisha. Mstari mmoja wa jina umeokoa ada za shule na fedha za matibabu ambazo zingekwenda kwa mgeni kwa sababu ya tarakimu moja.

Matapeli wanaijua thamani ya mstari ule pia. Ndiyo maana ujumbe wao wa siku hizi hauishii kwenye "ile hela tuma kwenye namba hii"; huongeza na jina litakalotokea, ili anayetuma akiliona asishtuke. Wameisoma skrini, wamejua mtumaji anasita wapi, wamemwandalia jibu. Inauma kukiri kwamba wezi wamemchunguza mtumiaji kwa makini kuliko baadhi ya ofisi zinazomhudumia.

Ipo pia sauti ya WhatsApp, iliyoanza mwaka 2013. Vijijini Dodoma, wazee wengi wa Kigogo ambao hawajawahi kuandika ujumbe wanatumiana sauti kila siku na watoto wao walioko Dar es Salaam na Arusha. Unashika kitufe, unasema kwa lugha yako, unaachia, imekwenda. Hakukuwa na semina ya elimu kwa umma. Kitu kikisanifiwa vizuri, hujifundisha chenyewe.

Gharama inalipwa nyumbani

Mfumo mbovu huonekana kuwa nafuu kwa ofisi iliyoujenga, kwa kuwa gharama yake haiandikwi kwenye vitabu vya ofisi hiyo. Inaandikwa nyumbani kwa mtumiaji.

Fuata safari ya familia yenye kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu. Fomu inajazwa mtandaoni, inachapishwa, inasainiwa na uongozi wa serikali ya mtaa na mwanasheria, inaskaniwa, kisha kurasa zilizosainiwa zinapandishwa tena kwenye mfumo. Kila kituo kina bei yake: kuchapa, kugonga muhuri, kuskani, nauli ya bodaboda au bajaji. Kama ukurasa unakataa faili kwa sababu ni kubwa mno lakini hausemi lipunguzweje, ni shilingi elfu nyingine kwa kijana wa steshenari. Kama muda umekwisha katikati ya kujaza na kila kitu kimefutika, ni siku nyingine ya kibarua iliyopotea. Kwa nyumba inayonunua unga kwa kilo, hizo si fedha ndogo.

Baada ya fedha huja siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zilindwe. Lakini sheria hiyo itamlindaje mama ambaye neno lake la siri limo kwenye daftari la kaunta, pamoja na namba yake ya NIDA ambayo tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa? Anayemlazimisha kutoa siri yake si mwenye steshenari. Ni ukurasa uliomtaka atunge neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama, kisha ukamkataa mara nyingi bila kumwambia lipi limepungua.

Gharama ya mwisho, ambayo haina risiti, ni heshima. Mzee aliyewahi kuongoza shule au kusimamia ghala anasimama nyuma ya kiti cha kijana wa miaka 20, akisoma kwa sauti mbele ya watu wengine namba yake ya simu, jina la mama yake na kiasi cha pensheni anachofuatilia. Kesho akisikia huduma nyingine imehamia mtandaoni, atamtuma mjukuu au ataacha. Hesabu za ofisi zitamwandika kama mtu ambaye hakuomba. Hakuna safu ya kuandika kwamba aliomba akashindwa kupita mlango.

Lugha inazidisha mzigo huo. Kiswahili kilipewa nafasi yake mahakamani kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, na UNESCO ikakitengea Julai 7 kila mwaka. Uwezo wa kukiweka kwenye kompyuta tunao muda mrefu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice iliyo na menyu za Kiswahili tupu. Miaka 20 baadaye, kuna fomu za kumhudumia Mtanzania wa Makole ambazo bado zinamwamkua kwa Kiingereza na kumweleza kosa lake kwa Kiingereza. Hilo halina utetezi.

"Watazoea tu"

Wanaotetea hali ilivyo wana hoja mbili, na zote zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza ni kwamba watu watazoea. Ni kweli binadamu huzoea. Lakini mwanafunzi anaomba mkopo mara moja kwa mwaka, mstaafu anafuatilia mafao yake mara moja maishani, na mwenye duka anahuisha leseni mara moja kila mwaka. Atazoeaje kitu anachokutana nacho mara moja? Elimu kwa umma ni jambo jema, ila kuwafundisha mamilioni ya watu kuukwepa mtego mmoja ni kazi isiyoisha, wakati mtego wenyewe unaweza kuondolewa na fundi mmoja kwa siku moja.

Hoja ya pili inagusa moyo zaidi: vijana wa steshenari na mawakala wanapata riziki humo. Wanapata, na ni riziki halali. Ila kazi inayotokana na ugumu wa kubuni ni kodi kwa maskini, hata kama anayeikusanya naye ni maskini. Vijana hao wanaweza kulipwa kwa kazi bora zaidi ya hiyo, nayo ipo.

Waitwe vijana wa steshenari

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayesanifu mfumo ofisini Mtumba ana intaneti ya kasi, kioo kikubwa na Kiingereza cha kazini. Hawezi kuwaona kunguni wa kitanda hicho. Kijana wa steshenari wa Makole anawajua wote kwa majina. Anajua ukurasa upi hugoma saa nne asubuhi, kisanduku kipi watu hukijaza kinyume, kitufe kipi hakionekani mpaka ushushe ukurasa chini kabisa. Ana maarifa ambayo washauri hulipwa fedha nyingi kuyatafuta, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Aulizwe, na alipwe. Kila taasisi inayotaka kufungua mfumo kwa wananchi ianze kwa kukaa naye siku moja na kuandika orodha ya mahali watu wanapokwama.

Baada ya hapo wajaribu na wananchi wenyewe. Mtaalamu wa Kidenishi Jakob Nielsen, ambaye amefanya kazi hii kwa miongo kadhaa, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za ukurasa. Watano! Muuza mboga, bodaboda, mwalimu mstaafu, mwanafunzi na mama mjamzito anayehudhuria kliniki. Wapewe simu zao wenyewe, kitochi kwa mwenye kitochi, waambiwe wamalize kazi moja, na msanifu akae kimya nyuma yao akiandika. Chuo Kikuu cha Dodoma kina ndaki nzima ya masuala ya kompyuta yenye wanafunzi wanaoweza kuifanya kazi hiyo kama sehemu ya masomo. Hakuna bajeti ya mradi inayoshindwa na soda tano na nauli.

Uingereza ilipounganisha tovuti za serikali yake kwenye GOV.UK mwaka 2012, kanuni ya kwanza waliyoiandika ilikuwa kuanza na mahitaji ya mtumiaji, na baadaye huduma zikawa zinakaguliwa kabla ya kufunguliwa kwa umma. Tanzania ina sheria, ina mamlaka na ina namba moja ya huduma za Serikali kwa simu ya aina yoyote, *152*00#, ambayo ni hatua sahihi kabisa. Kilichobaki ni sharti moja la kuongeza kwenye miongozo: mfumo wa kuhudumia wananchi usifunguliwe mpaka watu watano wa kawaida wameumaliza wenyewe, kwa Kiswahili, bila kusaidiwa na mtu. Pamoja na sharti hilo, ujumbe wa kosa useme la kufanya. Alichojaza mtu kisifutwe kwa sababu mtandao umekatika. Namba ndefu ziandikwe kwa mafungu. Hayo manne yakitekelezwa, foleni nyingi za vibarazani zitapungua.

Mamlaka ya Serikali Mtandao ina nguvu ya kuliweka sharti hilo, na Bunge linalokaa hapa hapa Dodoma lina nguvu ya kuuliza kwa nini halijawekwa. Mbunge anayepitisha bajeti ya mfumo aulize swali moja kabla ya kusema ndiyo: ni wananchi gani wameujaribu, na wangapi wameumaliza?

Na wewe msomaji, ukikwama wiki hii, usijiite mshamba. Andika tarehe, jina la ukurasa, hatua uliyofikia na maneno uliyoyaona kwenye skrini, kisha uyapeleke kwa taasisi husika au kupitia mfumo wa e-Mrejesho wa Serikali. Lalamiko lenye maelezo hayo humpa fundi mahali pa kuanzia kazi asubuhi inayofuata.